Kiampu kizee mbele ya ampu kubwa

Kiampu chenyewe, ampu yangu ndogo ya gitaa, hakina jina. Kibati cha mbele kiling'oka zamani, kabla hakijafika kwangu, yakabaki matundu mawili ya skrubu na doa la gundi. Kina nobu mbili tu, ya sauti na ya toni, spika ya inchi 5, na nyumba ya betri sita zinazotoa jumla ya volti 9. Ukikipiga peke yake chumbani ni cha kuchekesha: besi hakuna, noti za chini zinageuka mkwaruzo mtupu, na ukifungua sauti kupita nusu, skrubu za spika nazo zinaanza kulia. Kwa muda mrefu kilikaa juu ya kabati kama pambo. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza gitaa langu linachokutana nacho, na pedali zangu za ovadraivu, vile visanduku vya kukwaruza sauti, zimelala ndani ya begi.

Utamu wa viampu vya aina hii hauko kwenye spika. Uko hatua moja nyuma yake, kwenye transista mbili za mwisho na ile transfoma inayopeleka sauti kwenye spika, pale zinapobebeshwa kupita uwezo wao. Spika ndogo inauficha utamu huo kuliko inavyouonyesha. Kwa hiyo unachukua sauti baada ya transfoma, unaipunguza nguvu, unaichuja kidogo, halafu unaiingiza kwenye ampu kubwa iliyowekwa safi kabisa. Ampu kubwa haikwaruzi chochote. Kazi yake ni kutusikilizisha tu.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, alikuwa na ampu ndogo ya Elpico, akaichana karatasi ya spika kwa wembe, kisha akaitumia Elpico hiyo kuisukuma ampu kubwa ya Vox AC30. Ndiyo sauti ya gitaa unayoisikia kwenye "You Really Got Me". Kila anayesimulia habari hii anasimulia wembe, maana wembe ndio wenye visa. Mimi jicho langu liko kwenye ule waya uliotoka Elpico kwenda Vox. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Deacon, mpiga besi wa bendi ya Queen, aliokota bodi ya saketi kwenye takataka, akaifunga ndani ya kasha la spika, akaiendesha kwa betri ya volti 9. Haikuwa na nobu hata moja. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, aliitegea maikrofoni badala ya kuiunganisha na ampu nyingine, lakini ndani yake mlikuwa na transista za jemaniamu, kizazi cha kabla ya silikoni, na transfoma, na aliisukuma kwa kifaa cha kuongeza trebo mpaka ikasalimu amri. Zile gitaa zake zinazopangana kama kwaya, nyingi zimepita humo.

Nami nilipofungua changu nikakuta ukoo uleule. Transista nne, zile za kofia ya chuma. Ya kwanza inapokea gitaa. Ya pili inasukuma transfoma ndogo, na transfoma hiyo inaigawa sauti kwa transista mbili zinazofanya kazi kwa zamu, moja inabeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Transfoma ya pili inaziunganisha nusu hizo na kuzipeleka kwenye spika. Nilitaka kujua kama ni jemaniamu au silikoni, nikatoa betri, nikainua mguu mmoja wa ile transista ya kwanza, nikaweka malitimita kwenye kipimo cha dayodi. Silikoni ingesoma karibu na volti 0.6. Yangu ilisoma 0.2 na ushee, basi nikajua nimekamata jemaniamu.

Kwa nini vitu hivi vina ladha tofauti na pedali? Pedali nyingi za ovadraivu zinakata kilele cha wimbi kwa dayodi. Ibanez Tube Screamer, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, inafanya hivyo kwa ustadi na kuinua midi, yaani sauti za kati, ili gitaa lisimezwe na bendi, na sina ugomvi nayo. Lakini dayodi inakata kwa kipimo kilekile, upige kwa hasira au kwa upole. Kwenye kiampu hiki mambo kadhaa yanatokea kwa wakati mmoja. Volti ya betri inashuka kidogo unapopiga kwa nguvu. Chuma cha transfoma kinakaribia kujaa sumaku kwenye noti za chini. Zile transista mbili za mwisho hazilingani sawasawa, hivyo nusu ya juu ya wimbi inakatwa tofauti na nusu ya chini. Matokeo yake mkono wako unasikika. Ukipiga nyuzi mbili kwa nguvu sauti inabanwa kwanza, kisha inafunguka taratibu wakati noti inaendelea kuvuma. Hilo sijalipata kwenye pedali, na nimepiga pedali nyingi.

Sasa, wapi pa kuchukulia sauti. Viampu vingine vina tundu lao la priampu, ile hatua ya kwanza ya kukuza sauti. Pignose, ile ya miaka ya 1970 yenye nobu ya pua ya nguruwe, inalo. Ni salama na ni rahisi, ila tundu la priampu kwa kawaida liko kabla ya hatua ya nguvu, yaani unaondoka kabla ya sehemu ninayoipenda mimi kuanza kazi. Tundu la hedfoni ni afadhali, kwa kuwa mara nyingi linatoka baada ya hatua ya nguvu kupitia rezista. Angalia tu plagi. Tundu la hedfoni ni la stirio, na ukichomeka plagi ya mono, pete ya kati inagusana na eathi, na kwenye baadhi ya viampu hiyo ni shoti kwenye njia ya kutolea sauti. Tumia plagi ya stirio, chukua ncha peke yake, pete iache bila kuunganishwa.

Mimi nachukua kwenye waya za spika. Hapo ndipo panahitaji adabu, kwa sababu sauti ya spika ni kubwa mno kwa mdomo wa ampu nyingine. Nusu wati kwenye spika ya omu 8 ni volti 2, wakati gitaa lenyewe linatoa sehemu ndogo tu ya volti moja. Nilijenga kisanduku kidogo cha chuma chenye jeki mbili. Ndani, kutoka upande wa moto wa spika, ule usio wa eathi, kunakuja rezista ya kiloomu 10, kisha potenshometa, yaani rezista ya kuzungusha kwa nobu, ya kiloomu 1 kwenda eathi, na sauti inatoka kwenye mguu wa kati wa potenshometa. Mgawanyo huo unaacha sehemu moja kati ya kumi na moja, hivyo volti 2 zinabaki kama volti 0.18, kiwango ambacho ampu yoyote ya gitaa inakizoea. Nobu ya potenshometa inakuwa ndiyo sauti ya mwisho ya ovadraivu, na nobu ya kiampu inakuwa gein, yaani kipimo cha mkwaruzo.

Kazi ya pili ya kisanduku ni kuchuja, na wengi huiruka hatua hii kisha wanasema kiampu kinalia kama nyuki. Bila shaka kinalia! Wimbi lililokatwa limejaa trebo kali, na spika ndogo ilikuwa inakusitiri isikufikie yote. Weka kapasita kwenye miguu miwili ya nje ya potenshometa. Nanofaradi 33 inaanza kushusha trebo kwenye kilohezi 5.3 hivi; nanofaradi 47 inashuka hadi kilohezi 3.7. Nimeishi na 33 kwa gitaa lenye pikapu (vinasa-sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) za koili mbili, na nikishika lile la koili moja ninabadilisha kwa swichi kwenda 47. Ukiiweka kapasita kwenye mguu wa kati badala ya miguu ya nje, toni itahama kila unapogusa sauti, na utajikuta unafukuzana na nobu mbili kwa mpigo.

Halafu mzigo. Usiiache transfoma ya kutolea sauti ikiwa tupu. Nina swichi inayochagua kati ya spika yenyewe na rezista ya omu 8.2 ya wati 5. Rezista ni kimya, nzuri ukirekodi usiku. Lakini spika halisi si rezista: ukinzani wake unapanda kwenye mvumo wake wa asili na unapanda tena kwenye trebo, na hatua ya nguvu inausikia mpando huo. Kwa rezista sauti inakuwa bapa kidogo, pembe zake zimekatwa. Watu wakiwa wamelala ninatumia rezista, vinginevyo spika inabaki na kelele yake ndogo inamezwa na ile kubwa.

Kabla hujaunganisha chochote, kuna mambo matatu ambayo sitayapamba.

Kama kiampu chako ni cha valvu, ile mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista, mzigo si suala la toni, ni suala la uhai wa transfoma. Valvu bila spika au rezista ya kufaa inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na ndani mna volti za kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kuna viampu vya valvu vya bei rahisi vya Marekani, vya miaka ya 1950 na 1960, visivyo na transfoma ya kuingizia umeme. Vinachukua umeme wa ukutani moja kwa moja na chesisi, fremu yake ya chuma, inaweza kuwa na umeme. Ukiona valvu kama 35W4 na 50C5 ndani, na huoni transfoma ya umeme, usikiunganishe na gitaa wala na ampu nyingine. Mpelekee fundi wa valvu akiwekee transfoma ya kutenganisha, au kiache kiwe pambo.

La tatu ni la vile vya chipu, hasa vilivyotengenezwa karibuni. Baadhi vinaendesha spika kwa daraja, yaani waya zote mbili za spika ziko hai na hakuna ulio eathi. Chipu ya TDA2822M inaweza kufungwa hivyo. Ukiunganisha mmoja na eathi ya ampu kubwa unapiga shoti nusu ya chipu. Kupima ni rahisi: washa bila kupiga gitaa, weka waya mweusi wa malitimita kwenye hasi ya betri, gusa kila waya wa spika kwa mwekundu. Ukikuta takriban nusu ya volti ya betri kwenye zote mbili, hilo ni daraja. Ukikuta sifuri kwenye zote, uko salama. Kwenye vile vya chipu ya LM386, ambavyo ni vingi kama mchanga, chipu inakaa kwenye nusu ya volti ya betri lakini kuna kapasita kubwa inayoizuia isifike kwenye spika. Kapasita hiyo ikizeeka na kuvuja, utaiona kwenye kipimo hichohicho.

Basi, tumemaliza na mambo ya kuungua.

Upande wa gitaa nao una mambo yake. Transista ya kwanza ya jemaniamu haina ukinzani mkubwa wa kupokea, inaivuta pikapu na kuipunguza trebo kabla ya chochote. Mtu aliyezoea ampu za megaomu 1 anaweza kuona hilo kama ugonjwa. Mimi naliona kama nusu ya mchezo, kwa sababu ndilo linalofanya nobu ya sauti kwenye gitaa iwe na maana: ukiipunguza kidogo tu, mkwaruzo unayeyuka na kubaki sauti safi yenye kung'aa. Fuzz Face ya Arbiter, pedali ya mkwaruzo ya mwaka 1966, ina tabia hiyohiyo na kwa sababu hiyohiyo. Na kama ilivyo kwa Fuzz Face, ukiweka pedali yenye bafa, saketi inayoitenganisha pikapu na kinachofuata, kati ya gitaa na kiampu, tabia hiyo inakufa. Gitaa liingie moja kwa moja. Efekti nyingine zote, ucheleweshaji, mwangwi, chochote, zije baada ya kisanduku.

Besi inahitaji kupunguzwa kabla ya mkwaruzo, si baada yake. Uzi mzito wa gitaa uko kwenye hezi 82, na kiampu hiki hakijui la kufanya nao kikishazidiwa, kinatoa matope. Sikutaka kugusa saketi ya zamani, kwa hiyo kapasita ya nanofaradi 47 nimeilehemu ndani ya plagi ya waya unaoingia kwenye kiampu, mfululizo na moto. Imejificha humo na hakuna anayeijua. Nikitaka sauti ya asili nabadilisha waya. Huo ndio msimamo wangu kwa vifaa vya zamani: kila ninachoongeza kikae nje, aje mtu mwingine baadaye akikute kama kilivyotoka kiwandani.

Isipokuwa kapasita za elektrolitiki. Hizo zilikuwa zimekauka, sauti ilikuwa inapanda na kushuka kama inapumua, nikazibadilisha zote bila kuomba radhi kwa mtu. Nobu nilizipulizia dawa ya kusafishia, zikaacha kukwaruza.

Betri sasa. Nilianza kwa zile za alkalaini, nikarudi kwenye zile za kawaida za kaboni na zinki, ambazo volti yake inashuka upesi zaidi unapoivuta. Ule mbano niliousema mwanzoni unaongezeka. Betri zikichoka zaidi, kinatokea kitu kingine: zile transista mbili za mwisho zinakosa volti ya kutosha ya kukaa macho, na pale zinapopokezana wimbi kunakuwa na pengo. Noti kubwa inapita vizuri, lakini mkia wake unakatika kwa vipande vipande kabla ya kuisha. Kwa solo ya polepole ni mbaya. Kwa mdundo mfupi wa kukata ni tamu ajabu, na nina seti ya betri zilizochoka ninayoitunza kwa makusudi, nimeifunga kwa utepe wa karatasi wenye gundi isije ikatupwa.

Ukitaka kutumia adapta badala ya betri, jua kwamba viampu vya transista za jemaniamu za aina ya PNP mara nyingi vina chanya kwenye chesisi. Adapta ya pedali inayogawa umeme kwa pedali kadhaa ina hasi kwenye eathi. Ukiviunganisha vyote kwenye adapta moja, chanya na hasi zinakutana kupitia ngao za waya za gitaa. Kiampu kiwe na chanzo chake peke yake. Kwa betri suala hilo halipo, na mkoromo wa umeme pia unapungua sana. Mkoromo ukibaki, na kiampu si cha daraja, jaribu kuunganisha upande mmoja wa waya za spika na chesisi ya kiampu. Kwenye changu transfoma ilikuwa imeachwa inaelea, na waya mfupi mmoja ulinyamazisha kila kitu.

Ampu kubwa naiweka hivi: gein chini, sauti ya mwisho juu, midi katikati, besi juu kidogo kurudisha ile tuliyoikata. Ikiwa na tundu la kurudishia efekti, jaribu kuingia hapo pia. Unaruka priampu yake yote na unasikia kiampu bila mtu wa kati. Kwangu ni kikavu mno. Napendelea mlango wa mbele, hasa kwenye ampu ya valvu, ambapo valvu ya kwanza inalainisha makali yaliyobaki.

Kuna muziki ambao hakifai. Kwa metali nzito, yenye mkwaruzo mzito na besi iliyokazwa, tafuta kitu kingine. Kodi za gitaa zenye noti nyingi zinavurugika, hasa zile zenye noti zilizobanana. Noti mbili, tatu, au mstari mmoja unaoimba, hapo ndipo kinapojua kazi yake. Na jemaniamu haipendi joto: mvujo wa umeme ndani yake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo kikikaa juu ya ampu ya valvu iliyochemka, baada ya nyimbo chache sauti inabadilika, inakuwa nene na kuzubaa. Kiweke sakafuni.

Kinachonisumbua bado ni mvumo wa "shhh" nikinyamaza. Transista ya kwanza ndiyo mkosaji. Nikiigusa kwa kijiti cha plastiki kelele inabadilika. Nina nyingine za jemaniamu za kupima moja moja kwa mvujo na kwa gein kabla ya kuchagua ya kuweka, na ile ya asili nitaifunga kwenye karatasi na kuiacha ndani ya kasha pamoja na skrubu zake.